Huyu Gibran mnayemposti kwenye stetasi ni nani hasa?

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la familia binamu yangu mmoja kaposti picha ya machweo, juu yake kaandika "Watoto wenu si watoto wenu", chini jina Khalil Gibran. Basi balaa. Shangazi akauliza hiyo ni sura gani ya Biblia mbona haikumbuki, mjomba akadakia kwamba Khalil ni jina la Kiislamu kwa hiyo hayo ni maneno ya sheikh fulani wa Misri, mwingine akaapa ni guru wa Kihindi, na kuna baba mmoja ambaye wote tunajua muhula wa pili huu hajatuma ada ya mwanawe, yeye akajibu na madole gumba matatu na "umenena kweli kabisa". Vita ikaanzia hapo, ikaenda mpaka saa sita usiku.

Nimeona nisijibu vipande vipande kule, niandike yote mahali pamoja, maana huyu bwana, mwandishi na mchoraji, nimemsoma tangu niko sekondari na kila nikiingia intaneti nakuta kavalishwa kanzu mpya. Na hiyo kanzu, mtaona huko mbele, kuna siku alivalishwa kweli.

Tuanze na jina. Kamili ni Gibran Khalil Gibran, Waarabu wanatamka Jubran Khalil Jubran, yani jina lake, la baba yake, halafu la ukoo, mpangilio ule ule tunaoujua sisi. Sio Jibrili wa malaika, ni jina jingine kabisa. Khalil ndiyo hii hii ya Ibrahim Khalilullah, rafiki wa karibu. Sasa alipofika Marekani akiwa na miaka 12 na kuandikishwa shule kule Boston, wakalikata jina likabaki mawili na herufi wakazigeuza, Khalil ikawa Kahlil, na hivyo ndivyo vitabu vyake vya Kiingereza vinavyoandika mpaka leo. Kama umewahi kwenda kufuatilia cheti ukarudi nyumbani na jina ambalo hata mama yako halijui, unaelewa. Kwa hiyo Khalil au Kahlil ni mtu yule yule, msigombane.

Dini: alizaliwa Mkristo wa Kimaroni. Wamaroni ni Wakristo wa milima ya Lebanon, wanamtambua Papa kama Wakatoliki wengine ila wana liturujia yao yenye Kisiriani, lugha ya kale, ndani yake, na kwao mwanamume aliyekwisha oa anaweza kupewa upadri. Ndio maana mama yake Gibran, Kamila, alikuwa binti wa padri na wala haikuwa kashfa. Ukubwani Gibran hakuwa mtu wa kanisa sana, mapadri aliwashambulia vibaya mno kwenye hadithi zake, huku akiuheshimu Uislamu waziwazi na kumpenda Yesu mpaka mwaka 1928 akatoa kitabu kizima kumhusu. Kumweka kwenye boksi moja ni kazi, lakini sheikh hakuwa.

Utaifa nao una mkanganyiko wake. Kazaliwa tarehe 6 Januari 1883 mji unaitwa Bsharri, juu milimani, jirani na ile mierezi ya Lebanoni mnayoisoma kwenye Zaburi. Lakini nchi inayoitwa Lebanon haikuwepo. Ulikuwepo Mlima Lebanon chini ya dola ya Waosmani, yani Waturuki, na watu wa huko wakifika Marekani wakiitwa Wasyria. Lebanon Kubwa ilitangazwa mwaka 1920 chini ya Wafaransa, uhuru ukaja 1943, Gibran yuko kaburini miaka 12. Ukibisha kama yeye ni Mlebanoni au Msyria ni sawa na kubisha kama mzee aliyezaliwa Dar mwaka 1910 ni Mtanzania au ni mtu wa Mjerumani. Leo tunamwita Mlebanoni kwa sababu Bsharri iko Lebanon na wenyewe wanamdai, inatosha.

Kuna neno moja tu la kitaalamu nitalitumia, mahjar. Mzizi wake ni ule ule wa hijra na muhajirina. Mahjar ni ugenini, kule walikohamia, na waandishi wa Kiarabu waliokuwa wakiandika wakiwa Amerika wakaitwa waandishi wa mahjar. Mwaka 1920 pale New York Gibran na wenzake kina Mikhail Naimy na Iliya Abu Madi wakaunda umoja wao, Chama cha Kalamu, yeye mwenyekiti. Ukilishika neno hilo umeshamshika nusu, maana huyu ni mhamiaji kabla hajawa kitu kingine chochote.

Baba yake alikuwa mtu wa kamari na madeni, baadaye akapata kazi ya kukusanya kodi, akashikwa kwa ubadhirifu akafungwa na nyumba ikaenda. Kamila akaona hapa hapana maisha. Mwaka 1895 kachukua watoto wanne, Boutros wa ndoa ya kabla, Gibran, Mariana na Sultana, wakapanda meli, mume kabaki. Wakaishia mtaa wa South End huko Boston, mtaa wa maskini uliojaa watu wa kwao. Na Kamila akawa nini? Machinga. Kweli kabisa, anabeba mzigo wa lesi na vitambaa anazunguka mitaa ya wenye nazo anagonga mlango mmoja mmoja, mpaka wakapata mtaji Boutros akafungua duka. Wasichana hawakwenda shule, aliyekwenda ni Gibran peke yake. Nikisoma watu wanavyomsifia hekima zake huwa nawakumbuka wale dada wawili waliobaki dukani.

Shuleni walimu wakaona mtoto anachora. Wakamuunganisha na mpiga picha mmoja tajiri, Fred Holland Day, mtu wa sanaa na mambo ya ajabu ajabu, ambaye alivutiwa sana na kijana "wa Mashariki". Day ndiye aliyemvalisha mavazi ya Kiarabu akampiga picha, mtoto wa machinga wa Boston kageuzwa mwana wa mfalme wa jangwani, wakati kwao ni milimani kuna theluji. Hiyo ndiyo kanzu niliyoisema. Na tusimlaumu Day peke yake, Gibran mwenyewe aliipenda, ukubwani alikuwa akiwasimulia Wamarekani kwamba ametoka ukoo wa kitajiri na wengine aliwaambia kazaliwa India. Kwa hiyo yule ndugu yetu wa "guru wa Kihindi" hajatunga, uongo umeanza na mwenye jina.

Mwaka 1898 familia ikamrudisha Beirut akasome Kiarabu vizuri, shule ya al-Hikma. Aliporudi 1902 akakuta msiba. Sultana, yule dada mdogo, kifua kikuu kimemuua ana miaka 14. Machi 1903 Boutros naye, kifua kikuu hicho hicho. Juni mwaka huo huo mama, saratani. Miezi kama 15 nyumba ya watu watano wamebaki wawili, yeye na Mariana, na Mariana akawa anashona nguo dukani kwa watu ili kaka yake achore na kuandika.

Sasa hapa ndipo penye fundo lenyewe, na ndipo watu wengi wanapopotelea. Kuna Gibran wawili. Wa kwanza anaandika Kiarabu, mkali, mwenye hasira, anapiga mabwana wenye ardhi na maaskofu na ndoa za kulazimishana. Wa pili anaandika Kiingereza, mpole, mzee wa busara, huyo wa kwenye stetasi. Ukimuuliza Mwarabu aliyesoma atakwambia habari za wa kwanza. Ukiuliza karibu mtu mwingine yeyote duniani anamjua wa pili tu. Ni kama fundi mmoja mwenye karakana mbili, huku anatengeneza mapanga, kule anatengeneza vitanda, na wateja wa vitanda hawajawahi kusikia habari za mapanga.

Mapanga yenyewe ni haya. Mwaka 1906 na 1908 alitoa vitabu viwili vya hadithi fupi, cha pili kinaitwa Roho Zilizoasi, ndani yumo mwanamke Warda al-Hani aliyeolewa na tajiri aliyemzidi umri mno, akamkimbia akaenda kuishi na maskini anayempenda, na mwandishi anasimama upande wa mwanamke bila kuomba radhi. Mwaka 1908! Kwa Kiarabu! Halafu 1912 ikatoka riwaya yake, Mabawa Yaliyovunjika, na ninaposema riwaya kumbukeni neno hili tumelitoa kwao hao hao. Ni fupi, unaimaliza jioni moja. Kijana wa miaka 18 Beirut anampenda Selma Karamy, binti pekee wa mzee mwema na tajiri, Faris Karamy. Askofu anaona mali ya mzee anaitamani, anamposea mpwa wake, Mansour Bey, mhuni wa kutupwa, na mzee hawezi kumkatalia askofu maana ukimkatalia mkubwa wa dini jina lako limekwisha mjini. Selma anaolewa. Miaka mitano hapati mtoto, anadharauliwa, anakutana kwa siri na yule kijana kwenye hekalu la zamani, na hakuna wanachofanya zaidi ya kuongea na kulia. Mwishowe anajifungua, mtoto anakufa alfajiri ile ile aliyozaliwa, na mama anamfuata. Wanazikwa kwenye kaburi la babu. Watu wakishaondoka kijana anamuuliza mchimba kaburi, unakumbuka Faris Karamy alizikwa wapi? Mchimba anaonyesha, hapa hapa, juu yake nimemlaza binti yake, na juu ya kifua cha binti nimemlaza mtoto. Na kijana anajibu kwamba humo humo umeuzika na moyo wangu.

Nililia, sioni haya. Lugha imejaa sukari, hilo nakubali, kila ukurasa kuna machozi na mwezi na maua, vijana wa leo watasema ni telenovela. Lakini angalia nani mbaya kwenye hadithi: dini iliyogeuzwa duka na ndoa iliyogeuzwa hati ya shamba. Usitegemee kuikuta hiyo kwenye picha ya machweo.

Kitu kingine alichofanya kwenye Kiarabu ni kuandika ushairi usiofuata vina na mizani, yeye na Amin Rihani aliyemtangulia. Nyie mnaojua ugomvi wetu wa mashairi huru, wazee wanasema hayo si mashairi ni insha iliyokatwa mistari, basi hao Waarabu waligombana hivyo hivyo miaka mingi kabla yetu.

Gibran wa Kiingereza alianza 1918, na kitabu cha kumtoa kikaja 1923, Nabii. Kinahusu mtu anaitwa Almustafa, ameishi ugenini miaka 12 kwenye mji wa Orphalese akisubiri meli ya kumrudisha kwao, siku meli inafika watu wanamzuia wanamwambia kabla hujaondoka tuambie habari za mapenzi, tuambie habari za kazi, za watoto, za kula na kunywa, za kununua na kuuza, naye anajibu moja moja. Basi ndo kitabu kizima. Waislamu wengi jina Mustafa linawashtua, kwamba anamsema Mtume? Hapana. Mustafa maana yake mteule, aliyechaguliwa, na yule wa kitabuni ni mtu wa kubuni, hashushiwi wahyi, haleti sheria, hana dini anayohubiri. Ni mhamiaji anaaga. Mtoto aliyepanda meli ana miaka 12 akaandika kuhusu mtu anayesubiri meli miaka 12, sijui kama alipanga hivyo ila mimi siwezi kulipita.

Na sasa shangazi, ile sura ya watoto. Mstari mnaoposti ni wa kwanza tu, mkaukata hapo. Ukiendelea anasema mzazi ni upinde, mtoto ni mshale, na yupo Mpiga upinde ambaye ndiye anaiona shabaha. Upinde kazi yake nini? Kukunjwa. Unavutwa mpaka unakaribia kuvunjika ndipo mshale uende mbali. Anachowakataza wazazi ni kumfanya mtoto awe nakala yao, awaze wanayowaza, aolewe wanakotaka, na ukishaisoma habari ya Selma unaelewa hasira hiyo imetoka wapi. Kuhusu kumtelekeza mtoto hakuna hata neno moja humo. Upinde uliotundikwa ukutani haujarusha kitu.

Ile ya ndoa nayo, ya kuacha nafasi kati yenu, inayosomwa harusini kila Jumamosi. Mfano aliotoa ni nguzo za hekalu zinazosimama mbalimbali, ukizisogeza zikabanana paa linaanguka. Wapo waliolitafsiri hili kuwa ruhusa ya nyumba ndogo. Jamani. Nguzo mbili, paa moja, sasa hiyo nguzo ya tatu mmeitoa wapi.

Nipite haraka kwenye mengine yanayozunguka. Kwamba Kennedy, rais wa Marekani, aliiba kwake yale maneno ya 1961 ya usiulize nchi yako itakufanyia nini: Gibran kweli aliandika kwa Kiarabu mapema miaka ya 1920 makala yenye swali la namna hiyo kwa wanasiasa wa kwao, lakini ushahidi kwamba Kennedy aliisoma hakuna, na wazo lenyewe lilishasemwa na wengine. Kwamba mchongaji Rodin alimsifu kuwa ni William Blake (yule mshairi na mchoraji wa Uingereza) wa karne ya 20: imeandikwa kila mahali, ushahidi wa Rodin kusema hivyo haujapatikana. Kwamba ni mshairi wa tatu kwa mauzo duniani baada ya Shakespeare na Laozi, yule mwenye hekima wa China ya kale: sijui nani alipita kuhesabu nakala za Laozi. Kinachojulikana ni kwamba Nabii imeuzwa mamilioni kwa mamilioni na imetafsiriwa lugha zaidi ya 100, Kiarabu ikiwemo, na cha kuchekesha ni kwamba kwenda Kiarabu kilitafsiriwa na mtu mwingine.

Na kuna hili la kwamba vitabu aliandikiwa na mwanamke. Mary Haskell alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana Boston, mkubwa kwake kwa miaka kumi, walikutana 1904 kwenye maonyesho ya michoro yake. Ndiye aliyemlipia akasome uchoraji Paris 1908 mpaka 1910, dola 75 kila mwezi, ndiye ambaye Gibran alimposa baadaye na hawakuoana, na rasimu za Kiingereza zilipita mkononi kwake anasahihisha sarufi na nukta. Mhariri, yani. Wengine wanamchanganya na May Ziadeh, mwandishi aliyekuwa Cairo, ambaye Gibran aliandikiana naye barua za mapenzi karibu miaka 20 na hawakuonana hata siku moja. Mnaosema mapenzi ya mtandaoni yameanza na simu, haya.

Nimechelewa kufika kwenye michoro na hapo mwenyewe angekasirika, kwa sababu brashi aliishika kabla ya kalamu. Alisoma pale Académie Julian, shule ya sanaa ya Paris, akachora sura za wakubwa wa wakati wake, na Nabii yenyewe ina michoro yake 12 ndani. Ukiiona utakuta miili uchi, myembamba, inaelea kwenye ukungu, mingine imeota kama mizizi ya mti. Watu wakikutana nayo wanauliza huyu mzee wa busara mbona anachora uchi. Uchi wa Gibran hauna tamaa, nguo zinamtaja mtu, hii ya tajiri, hii ya padri, hii ya Mturuki, na yeye alitaka mtu asiye na lebo. Kwa jicho langu michoro mingi inafanana mno, ukiona kumi umeona mia, ila zile sura za penseli, mama yake hasa, hizo ni za fundi.

Vita ya kwanza ya dunia ilimvunja. Kati ya 1915 na 1918 nzige, vizuizi vya baharini na jeshi la Waosmani kuchukua chakula vikaleta njaa Mlima Lebanon, makadirio ya waliokufa yanafika watu 200,000, theluthi moja mpaka nusu ya wakazi. Yeye yuko New York anashiba, kawa katibu wa kamati ya misaada, anaandika kwamba watu wangu wamekufa na mimi niko hai huku. Aliyeko ughaibuni na kwao kunaungua anaijua aibu hiyo bila kufafanuliwa.

Miaka ya mwisho alikunywa sana. Kafariki New York tarehe 10 Aprili 1931, miaka 48, ini limeharibika na kifua kikuu kimeanza. Mwili ukarudishwa Bsharri, ukawekwa kwenye monasteri ya zamani ya Mar Sarkis iliyochimbwa mlimani, ambayo Mariana, yule mshonaji, alisaidia kuinunua, na leo ni makumbusho. Kwenye wosia mapato ya vitabu akawaachia watu wa Bsharri. Wakati anaandika wosia hazikuwa hela za kutisha, lakini kitabu kikaendelea kuuza na kuuza, na ule mji wa hekima ukagombania fedha za mwanawe miaka na miaka mpaka serikali ikabidi iingilie.

Ile sura ya watoto nimeituma nzima kwenye grupu, mpaka kwenye upinde. Shangazi kasema ni nzuri ila bado anaamini ipo kwenye Mithali. Yule baba wa ada naye kaisoma, tiki mbili za bluu, siku ya nne leo hajajibu.